Siberia 1918–1920: majenerali waligombea ukamanda, reli ikawa na wenyewe

#1 Mzee wa Ramani (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuanzia Agosti 1918 mashariki ya Urusi ilijaa askari wa kigeni: Wajapani, Wamarekani, Waingereza, Wakanada, Wafaransa, Waitalia, Wachina, Wacheki na Waslovakia, Wapoland, Waserbia, Waromania. Wote waliitwa washirika na wote walishukia nchi moja. Nimefungua uzi huu kwa swali moja tu: nani alikuwa anatoa amri?

Jibu langu nalitanguliza ili anayetaka kunipinga anipinge mapema. Hakuna aliyekuwa anatoa amri kwa wote, na si kwa sababu walisahau kuteua kamanda. Waliteua zaidi ya mara moja, wakatumiana telegramu kwa miezi, mabalozi wakavaa makoti wakaenda kuonana na mawaziri. Kilichokosekana ni makubaliano kuhusu walichofuata kule. Serikali zikishindwa kukubaliana vita ni vya nini, kumpa mtu cheo cha kamanda wa wote ni kumpa kofia.

Tuweke msingi kwanza. Machi 3, 1918 serikali ya Lenin ilitia saini mkataba wa Brest-Litovsk na Ujerumani, Urusi ikatoka vitani. Paris na London wakaingiwa na hofu ya mambo mawili: Wajerumani kuhamishia divisheni zao upande wa magharibi, na shehena za silaha zilizorundikana Vladivostok, Arkhangelsk na Murmansk kuangukia mikononi mwa adui. Wakati huohuo ndani ya Urusi kulikuwa na jeshi la Wacheki na Waslovakia, zaidi ya watu 40,000, wengi wao mateka wa zamani wa Austria-Hungaria waliokubali kupigana upande wa washirika. Walikuwa wakisafirishwa kwa treni kukatiza Siberia ili wapande meli Vladivostok waende Ufaransa. Mei 1918 wakakorofishana na Wabolsheviki, chama cha Lenin, pale Chelyabinsk. Trotsky, kamishna wa vita wa Lenin, akaamuru wanyang'anywe silaha, nao wakagoma. Majuma machache baadaye vituo vya reli kuanzia Volga hadi Pasifiki vilikuwa chini yao.

Hilo la reli msilisahau, tutalirudia. Siberia ya wakati ule ilikuwa njia moja ya chuma yenye miji iliyoning'inia pembeni yake. Chakula, makaa, risasi, majeruhi, fedha, barua, vyote vilipita hapo.

Sasa tuje Washington. Rais Wilson alikuwa amekataa kwa miezi maombi ya Waingereza na Wafaransa ya kupeleka jeshi Siberia. Habari za Wacheki ndizo zilizomlegeza. Julai 6, 1918 aliwaita wasaidizi wake Ikulu, wakaafikiana: Marekani ipeleke watu 7,000 na Japani 7,000, kazi iwe kulinda njia ya Wacheki. Julai 17 ukatoka waraka wa Wilson mwenyewe, na ndio mzizi wa kila kilichofuata. Waraka unasema kuingilia kijeshi mambo ya Urusi kutaongeza vurugu badala ya kuiponya nchi. Kisha unaruhusu askari waende, kwa ajili ya kuwasaidia Wacheki, kulinda maghala ya silaha, na kuunga mkono juhudi za Warusi kujitawala pale ambapo Warusi wenyewe wataridhia msaada. Jeshi linatumwa ndani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe likiwa limekatazwa kuwa na upande.

Na Tokyo je? Pale kulikuwa na serikali mbili ndani ya moja. Baraza la mawaziri lilizungumza na mabalozi, lakini wakuu wa jeshi waliwajibika moja kwa moja kwa Kaizari katika mambo ya vita. Balozi Ishii akiwa Washington aliweza kuahidi kwa nia njema kabisa, halafu ahadi yake isimfunge jenerali hata mmoja. Watu 7,000 walioafikiwa wakageuka zaidi ya 70,000.

Katika mazungumzo hayohayo ya Julai likaibuka suala la ukamanda. Japani ilitaka afisa wake awe juu ya wote, na Frank Polk, aliyekuwa akikaimu Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, hakupinga. Kwa hiyo Jenerali Otani Kikuzo, mkongwe wa vita vya Urusi na Japani, akatua Vladivostok Agosti na kutangaza kwamba washirika wamemkabidhi kwa kauli moja majeshi yao ya Mashariki ya Mbali.

Tatizo ni kwamba aliyetakiwa kutii hakuambiwa.

Meja Jenerali William Graves alikuwa kambini California akisubiri kwenda Ufaransa. Akapokea amri ya kupanda treni haraka hadi Kansas City. Pale stesheni, usiku, waziri wa vita Newton Baker akampa bahasha yenye waraka wa Wilson na kumwonya, kwa maelezo ya Graves mwenyewe, kwamba anakwenda kutembea juu ya mayai yaliyojazwa baruti. Wakaagana. Hakupewa maelekezo mengine ya sera. Ndani ya bahasha hiyo hakuna mstari uliosema atakuwa chini ya Mjapani.

Akafika Vladivostok Septemba 1. Alipokwenda kumwamkia Otani akaelezwa kwamba kwa taarifa walizonazo, Wamarekani wapo chini ya ukamanda wa Kijapani. Graves akajibu kwamba hana maagizo ya namna hiyo. Kabla hajafika, Kanali Styer alikuwa ameshapeleka Rejimenti ya 27 ya Marekani kwenye msafara wa Otani kuelekea Khabarovsk. Kwa hiyo katika majuma mawili ya mwanzo Wamarekani walikuwa chini ya Otani, na alipofika mkuu wao wakawa si chini yake tena, bila waraka wa serikali yoyote kubadilika hata nukta.

Nitaendelea na habari za mji wa Omsk, magharibi ya Siberia, ambazo ndizo kiini cha ninachotaka kusema. Karibuni.

---

#2 Kibatari

Mkuu, shukrani kwa uzi. Ila naona umemlegezea Graves kamba. Kama Wizara ya Mambo ya Nje ilishakubali Otani awe juu, Graves alikuwa na haki gani ya kukataa? Askari hachagui barua ya kuisoma. Angeuliza Washington, angejibiwa.

---

#3 Mzee wa Ramani

Kibatari, swali zuri. Barua aliyokuwa nayo ilitoka kwa Rais kupitia waziri wake wa vita. Mazungumzo ya Polk na Ishii yalikuwa ya wizara nyingine, na hayakumfikia kama amri. Askari anatii mnyororo wake wa amri. Mnyororo wa Graves ulipita kwa Baker na kwa mnadhimu mkuu, Jenerali March, haukupita kwa mabalozi.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Tuseme Graves angekubali. Otani anamwamuru apeleke batalioni kumfukuza adui ndani kabisa ya Siberia. Adui ni nani? Kwa Otani, yeyote mwenye bunduki asiyekuwa upande wa ataman Semenov kule Chita au Kalmykov kule Khabarovsk, wale makamanda wa Kikosaki waliolishwa na kuvishwa na Japani. Kwa waraka wa Wilson, hao wote ni Warusi, na kazi ya Mmarekani si kuwapiga. Amri moja ingekuwa halali kwa kamanda na haramu kwa rais wake. Graves angetii ipi? Alishika waraka, na mimi namuunga mkono.

Akakubali kushirikiana na Otani pale kazi zao zilipokutana, hasa ulinzi wa reli. Zaidi ya hapo kila jeshi lilisikiliza mji wake mkuu.

---

#4 Bi Nyaraka

Naomba niongeze upande ambao mleta mada hajaugusa, kaskazini, kwa sababu kule Wamarekani walifanya kinyume kabisa: walikabidhiwa moja kwa moja kwa Waingereza.

Septemba 4, 1918 Rejimenti ya 339, vijana wengi wa Michigan, ilishuka Arkhangelsk. Kamanda wa washirika pale alikuwa Meja Jenerali Frederick Poole, Mwingereza. Waraka uleule wa Julai 17 uliwahusu pia: walinde maghala. Poole hakuwapa nafasi ya kulinda ghala lolote. Hapohapo batalioni moja ikapandishwa treni kwenda mstari wa mbele upande wa reli ya kusini, nyingine ikapakiwa kwenye matishari kupandisha mto Dvina. Maghala yenyewe yalikuwa yameshakombwa na Wabolsheviki kwa sehemu kubwa kabla ya kuondoka. Kanali wao, George Stewart, alikuwa na cheo lakini askari wake walitawanyika kwenye pande kadhaa chini ya maafisa wa Kiingereza, kila kundi peke yake msituni.

Usiku wa kuamkia Septemba 6, yaani siku mbili hivi baada ya Wamarekani kushuka, maafisa wa Kirusi wakiongozwa na Kapteni Chaplin waliwakamata mawaziri wa serikali ya kiraia ya Chaikovsky na kuwapeleka kisiwa cha Solovetsky. Chaplin alikuwa akifanya kazi chini ya Poole. Balozi wa Marekani David Francis, mzee mgonjwa, akapambana hadi mawaziri wakarudishwa. Wilson alikasirika, na Washington ikafikisha ujumbe kwamba Poole akiendelea kuitawala Arkhangelsk kwa mabavu, askari wa Marekani wataondolewa mikononi mwake. Oktoba Poole akaondoka kwa likizo na hakurudi, nafasi yake ikashikwa na Edmund Ironside.

Siku ambayo vita vilisimama Ufaransa, Novemba 11, Wamarekani hao walikuwa wakipigana kijijini Tulgas kando ya Dvina. Ujerumani imeshindwa, na wao wanakufa kwa amri ya jenerali wa nchi nyingine, dhidi ya nchi ambayo Bunge lao halikuitangazia vita. Majira ya kuchipua 1919 manung'uniko yakawa wazi, kwao na kwa Wafaransa pia.

Kwa hiyo mkuu, kaskazini kulikuwa na kamanda mmoja, anatii­wa kweli. Na bado ilikwenda vibaya. Hili nadhani linaipa nguvu hoja yako kuliko Vladivostok.

---

#5 Mzee wa Ramani

Bi Nyaraka, heshima yako. Umenimalizia kazi. Arkhangelsk amri ilikuwa moja na malengo yalikuwa mawili, askari wakalipa tofauti kwa damu. Vladivostok malengo yalikuwa mengi na amri zikawa nyingi, angalau Graves aliweza kuwazuia watu wake.

---

#6 Simba wa Bonde

Mimi napinga. Mnazungusha maneno kuhusu malengo wakati jibu liko wazi: Japani. Walikubaliana 7,000, wakaleta mara kumi. Kama Tokyo ingeheshimu idadi, ukamanda usingekuwa tatizo kabisa. Mwenye watu wengi ndiye mkubwa, hayo mengine ni mapambo.

---

#7 Mzee wa Ramani

Simba, Japani ina lawama zake na sizifuti. Novemba 16, 1918 Lansing, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alimpa Ishii malalamiko makali juu ya idadi ya askari na jinsi walivyohodhi reli ya mashariki, Manchuria ikiwemo. Waziri mkuu mpya, Hara, alikuwa mtu wa kutafuta maelewano na Marekani, na idadi ikapunguzwa. Ugomvi wa ukamanda haukupungua.

Ila hoja ya wingi inaanguka tukivuka Ziwa Baikal kwenda magharibi. Kule Wajapani hawakutaka kwenda, pamoja na kubembelezwa na Wafaransa. Na ni kule ugomvi wa ukamanda ulipokuwa mkali kuliko kwingine. Ngoja niweke Omsk sasa.

Novemba 18, 1918, wiki moja baada ya vita kuu kusimama, maafisa na Wakosaki mjini Omsk waliipindua serikali ya muungano ya wapinzani wa Wabolsheviki na Admirali Alexander Kolchak akatangazwa Mtawala Mkuu. Batalioni ya Waingereza ya Middlesex ilikuwa mjini, na Jenerali Alfred Knox, mkuu wa ujumbe wa kijeshi wa Uingereza, alikuwa rafiki wa Kolchak. Wafaransa waliamini Waingereza wana mkono wao pale, na imani hiyo iliharibu kila mazungumzo yaliyofuata.

Wakati Kolchak anatwaa madaraka, jenerali wa Kifaransa Maurice Janin alikuwa njiani kuja. Alishateuliwa kuwa kamanda wa jeshi la Wacheki. Paris na London zikaafikiana apewe zaidi: awe kamanda wa majeshi yote magharibi ya Baikal, ya washirika na ya Warusi pia, Knox ashughulikie mafunzo na ugavi nyuma ya mstari. Kwenye meza ya Paris ilionekana safi. Jenerali Foch wa Ufaransa alikuwa amepewa ukamanda wa pamoja kule Ufaransa Machi na Aprili 1918 na mambo yakanyooka, sasa tufanye hivyohivyo Siberia.

Janin akafika Omsk Desemba na karatasi yake. Kolchak akakataa.

Kolchak alikuwa na makosa makubwa, na ukatili wa watu wake vijijini haupakwi rangi. Kwa hili tu alikuwa na hoja. Alikuwa ameingia madarakani kwa jina la heshima ya Urusi. Kumweka Mfaransa juu ya jeshi la Urusi, ndani ya Urusi, kungewapa Wabolsheviki silaha kuliko mizinga yoyote: kila mkulima angeambiwa jeshi jeupe, yaani la wapinzani wa Wabolsheviki, ni jeshi la wageni. Akasema anachohitaji kwa washirika ni viatu, nguo za baridi, silaha na risasi, makamanda anao.

Na tena, Ufaransa ilitaka kuamuru jeshi ambalo halikuwa lake ikiwa na askari wake mia kadhaa tu katika eneo lote. Foch alikuwa na jeshi la Ufaransa nyuma yake na Wajerumani mbele yake. Hata hivyo Pershing, kamanda wa Wamarekani kule, alikataa kata kata Wamarekani wagawanywe kwenye vikosi vya Wafaransa na Waingereza. Kama ukamanda wa pamoja ulikuwa na mipaka Ufaransa, ambako wote walikubaliana adui ni nani, Omsk ungesimama juu ya nini?

Januari 1919 wakapata suluhu. Kolchak abaki Amirijeshi Mkuu wa Warusi. Janin awe kamanda wa askari wa washirika magharibi ya Baikal. Knox aangalie ugavi na mafunzo. Otani abaki na mashariki ya Baikal. Graves abaki na waraka wake.

Basi hesabuni wenyewe ni wangapi walikuwa na haki ya kutoa amri kwenye reli moja. Na bado kulikuwa na bodi ya mafundi ya kuendesha reli hiyo, iliyoanza kazi Machi 1919 chini ya John Stevens, mhandisi wa Kimarekani aliyewahi kusimamia ujenzi wa Mfereji wa Panama, huku kamati iliyo juu yake ikiongozwa na Mrusi.

Sasa Janin aliamuru nini? Jeshi lake kubwa ni Wacheki, nao walishachoka. Oktoba 1918, kabla Janin hajafika, Kanali Josef Švec aliwaamuru watu wake kwenda mstari wa mbele. Wakakataa. Walijadili, wakapiga kura, wakasema hawaendi. Usiku ule Švec akaingia kwenye behewa lake pale stesheni ya Aksakovo akajipiga risasi. Alikuwa afisa aliyependwa na watu wake, amepigana nao tangu mwanzo. Siku tatu baadaye, Oktoba 28, nchi yao ikatangazwa huru kule Prague. Mweleze Mcheki wa mwaka 1919 kwa nini afe Ural kwa ajili ya Kolchak wakati nyumbani kuna jamhuri inayomsubiri. Wakatolewa mstari wa mbele wakapewa ulinzi wa reli upande wa magharibi wa Irkutsk.

Kwa hiyo Simba, wenye nguvu Siberia ya kati hawakuwa Wajapani 70,000. Walikuwa Wacheki waliokuwa kwenye mabehewa yao, wakishika stesheni na injini.

---

#8 Kibatari

Hapo kwa Švec nimesoma mara mbili. Na Wakanada je? Nilisikia nao walitumwa, ila kwenye simulizi hawaonekani.

---

#9 Bi Nyaraka

Kibatari, naomba nijibu mimi. Walikuwa kama 4,000, chini ya Meja Jenerali James Elmsley, ambaye alikuwa pia kamanda wa Waingereza waliokuwa Siberia. Hawaonekani kwa sababu Ottawa ilikataa waende ndani. Waingereza walitaka wawapeleke Omsk, serikali ya waziri mkuu Borden ikasema askari wa Kanada hawasogei kutoka Vladivostok bila idhini yake. Waliofika Omsk ni makumi tu, kwa kazi za makao makuu. Kufikia katikati ya 1919 wakarudishwa kwao.

Sababu ilikuwa nyumbani. Desemba 21, 1918 pale Victoria, bandari ya Kanada kwenye Pasifiki, wakati wa kuandamana kwenda melini, askari wa Quebec walioandikishwa kwa lazima waligoma barabarani. Wakapelekwa bandarini wakisukumwa kwa bunduki zenye singe. Serikali ikiona hivyo haiwezi kumwachia jenerali wa London aamue vijana wake wafie wapi. Kwangu mimi Kanada ndiyo iliyofanya diplomasia nzuri kuliko wote katika jambo hili, maana ilisema mpaka wake mapema na kwa maandishi, na ikaushikilia hata mbele ya Uingereza.

---

#10 Mchungulia Bahari

Naomba niingie na mfano wa karibu na sisi, mleta mada akiona nimetoka nje ya mada anisamehe. Mogadishu 1993.

Kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNOSOM II, alikuwa Luteni Jenerali Çevik Bir wa Uturuki. Naibu wake, Thomas Montgomery, Mmarekani, alikuwa pia mkuu wa askari wa Marekani waliokuwa Somalia, na katika kofia hiyo alijibu kwa Marekani. Halafu kikaja kikosi maalumu cha Jenerali Garrison ambacho hakikuwa chini ya Bir wala chini ya Montgomery. Upande mwingine Waitalia: Julai 1993 Umoja wa Mataifa ulitaka Jenerali Bruno Loi aondolewe kwa kuwa anasikiliza Roma kabla ya kutekeleza amri, Italia ikakataa.

Oktoba 3 helikopta za Marekani zikaangushwa. Walipohitaji kuokolewa, kukatafutwa vifaru vya Pakistani na magari ya deraya ya Malaysia, ambao hawakuwa wameshirikishwa kwenye mpango. Msafara uliondoka usiku, masaa mengi baada ya helikopta ya kwanza kuanguka. Wamarekani 18 walikufa katika mapigano yale, na askari wa Malaysia pia alikufa akienda kuokoa. Wasomali waliokufa ni mamia.

Mkisoma hivyo na kurudi Vladivostok, mnaona kuna kilichobadilika?

---

#11 Mzee wa Ramani

Mchungulia Bahari, hujatoka nje hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba Mogadishu kulikuwa na azimio la Baraza la Usalama, yaani lengo moja liliandikwa, na Bir alikuwa na karatasi yenye uzito kuliko ya Janin. Lakini Roma ilitaka mazungumzo na viongozi wa koo na Washington ilitaka mbabe wa vita Aidid akamatwe. Kila mwanajeshi alikuwa na simu ya nyumbani. Otani angeielewa hali ya Bir bila kuelezwa.

Wale Wamalaysia na Wapakistani nawaheshimu sana. Waliitwa kumaliza jambo ambalo hawakuulizwa wakati linaanzishwa, na wakaenda.

---

#12 Simba wa Bonde

Haya, nimekubali nusu. Sasa maliza. Kolchak aliuzwa au hakuuzwa? Kuna wanaosema Janin ni msaliti, kuna wanaosema Wacheki hawakuwa na namna.

---

#13 Mzee wa Ramani

Simba, hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

Omsk ilianguka Novemba 14, 1919. Kolchak akaondoka kwa treni kwenda mashariki akiwa na dhahabu ya hazina ya Urusi, ileile iliyotekwa Kazan mwaka 1918. Reli nzima mbele yake ilikuwa ya Wacheki, na Wacheki walitoa kipaumbele kwa treni zao. Baridi ya Desemba, makaa hakuna, injini zinaganda na kupasuka, treni za wakimbizi na majeruhi wenye homa ya chawa (tifasi) zimesimama kwenye njia watu wakifia ndani. Kolchak akatuma telegramu akitaka apishwe. Alikuwa Amirijeshi Mkuu, na luteni wa Kicheki kwenye stesheni ndiye aliyeamua treni ipi iende.

Nizhneudinsk wakamsimamisha kabisa. Januari 4, 1920 akakabidhi madaraka yake kwa Jenerali Denikin, aliyekuwa akipigana na Wabolsheviki kusini ya Urusi, na ya mashariki kwa Semenov. Walinzi wake wengi wakamkimbia. Akahamishiwa behewa moja lililofungwa nyuma ya treni ya Wacheki, likapachikwa bendera za washirika, kwa ahadi kwamba yupo chini ya ulinzi wao. Aliyekuwa na mamlaka juu ya Wacheki hao kwa jina ni Janin, naye alikuwa ameshatangulia mashariki.

Irkutsk ilikuwa mikononi mwa Kituo cha Kisiasa, wanamapinduzi wa kisoshalisti. Wao na wachimba makaa wa njia ile walikuwa na uwezo wa kuwafungia Wacheki njia. Mbele, kwenye mahandaki ya reli ya kandokando ya Baikal, kulikuwa na hatari ya kulipuliwa. Nyuma, Jeshi Jekundu lilikuwa linasogea. Januari 15 Wacheki wakamkabidhi Kolchak. Februari 7 akapigwa risasi pamoja na waziri wake mkuu Pepelyaev, na siku hiyohiyo Wacheki na Wabolsheviki wakatia saini mkataba wa kusimamisha vita pale Kuitun, dhahabu ikabaki Urusi.

Janin alisaliti? Aliahidi ulinzi ambao hakuwa na askari wake wa kuutekeleza, na kosa lake nalianzia hapo. Angekuwa muungwana angemwambia Kolchak mapema: Wacheki hawatapigana kwa ajili yako, tafuta njia nyingine. Alijua, maana alikuwa nao mwaka mzima. Jenerali Syrový, kamanda wa Wacheki pale uwanjani, alikuwa na makumi ya maelfu ya watu wa kuwafikisha nyumbani, na nikipima uamuzi wake kwa jukumu lake siwezi kumhukumu vikali. Lawama kubwa naiweka kwa serikali za Paris na London, zilizompa mtu cheo cha kamanda wa washirika mwaka mzima bila kumpa sera, halafu zikanyamaza telegramu zilipoanza kuwa za kuombeana uhai.

Januari hiyohiyo, pale stesheni ya Posolskaya mashariki ya Baikal, treni ya deraya ya Semenov iliwashambulia Wamarekani waliokuwa wamelala kwenye mabehewa yao. Kikosi kidogo tu kiliiteka treni nzima. Semenov aliungwa mkono na Japani, mshirika wa Marekani, na eneo lile kwa karatasi lilikuwa chini ya ukamanda wa Kijapani.

Wamarekani wa mwisho walipanda meli Vladivostok Aprili 1, 1920. Wacheki wakamaliza kuondoka mwaka huohuo. Japani ikabaki hadi Oktoba 25, 1922, na kaskazini ya Sakhalin hadi 1925.

---

#14 Kibatari

Mkuu, swali la mwisho kwangu. Yule Mcheki Gajda, si alihamia jeshi la Kolchak? Huyo alikuwa anatii nani?

---

#15 Mzee wa Ramani

Alipewa jeshi zima la Siberia na Kolchak, akagombana na makao makuu ya Omsk, akafukuzwa Julai 1919. Novemba akaongoza maasi dhidi ya Kolchak mjini Vladivostok, majeshi ya washirika yakiwa mjini humohumo, yakazimwa. Kisa chake ni kirefu na kina majina mengi, nitakifungulia uzi wake. Bi Nyaraka, kama una chochote cha Murmansk na kile kikosi cha Wakarelia, weka hapa tusome.